Akili na Maumivu Sugu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Aliyeandika majibu haya si daktari. Ni mtu mwenye mgongo unaouma kwa mwaka wa 11 sasa, aliyesoma sana, akajaribu mengi na kukosea mengi zaidi. Yanahusu mbinu za kutumia akili kuyapunguza maumivu sugu. Maswali ni yale ninayoulizwa na watu wenye maumivu kama yangu, na mengine niliwahi kuyauliza mwenyewe kwa hasira.

Kwa hiyo mnasema maumivu yangu ni ya kufikirika?

Hapana. Nimelitanguliza swali hili kwa sababu ndilo linalowafanya watu wengi wainuke na kwenda zao kabla hawajasikia lolote. Mimi niliinuka. Mtu mmoja mwenye koti jeupe alipitia majibu ya vipimo vyangu, akasema, "Huna kitu," nikatoka pale na maumivu yaleyale niliyoingia nayo, safari hii yakiwa na aibu juu yake.

Maumivu yote, hata ya kujikata na kisu, hutengenezwa na ubongo. Kidole chenyewe kinapeleka taarifa tu. Ubongo ndio unaoipima taarifa hiyo na kuamua kama iwe maumivu, na makali kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi yake kwa kila binadamu, na haiyafanyi maumivu kuwa ya uongo. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kiliporekebisha fasili yake mwaka 2020 kilieleza maumivu kuwa ni hali isiyopendeza ya mwili na ya hisia kwa pamoja, ambayo inahusiana na kuumia kwa tishu au inafanana na hali hiyo. Kikaongeza kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Anayekwambia "ni ya kichwani mwako tu" ameishia nusu ya sentensi.

Maumivu sugu ni yapi hasa?

Ni yale yanayodumu, au yanayokwenda na kurudi, kwa zaidi ya miezi 3. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, ICD-11, inayapa nafasi yake. Humo kuna maumivu sugu ambayo yenyewe ndiyo ugonjwa, na kuna yanayotokana na ugonjwa unaojulikana: baridi yabisi, neva zilizoharibiwa na kisukari, seli mundu, saratani. Mbinu zilizo hapa chini zinaweza kuwasaidia watu wa pande zote mbili, ila wa upande wa pili wasiache kutibiwa ugonjwa wenyewe.

Akili inaingiaje kwenye goti?

Mfikirie mlinzi wa usiku. Nyumba iliwahi kuvunjwa, na tangu siku hiyo hajapata usingizi. Paka akipita, anapiga filimbi. Jani likianguka, anapiga filimbi. Filimbi ni ya kweli kabisa na inaamsha nyumba nzima. Kilichokosekana ni mwizi.

Neva hufanya vivyo hivyo. Zikipeleka taarifa ya hatari kwa muda mrefu, chembe zilizo ndani ya uti wa mgongo huwa nyepesi kushtuka, na zinaanza kupaza taarifa ndogo hadi iwe kubwa. Mwanasayansi Clifford Woolf alilionyesha jambo hili mwaka 1983, na ndiyo sababu mtu mwenye maumivu sugu anaweza kuumizwa na mguso mwepesi, baridi, au mshono wa nguo.

Lakini njia haiendi upande mmoja tu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una kitu mithili ya lango, na taarifa haipiti hivi hivi. Ukijigonga kiwiko, mkono wa pili unakimbilia kusugua kabla hujafikiri. Kule kusugua kunalibana lango. Na kutoka juu, kwenye shina la ubongo, zinashuka neva zenye uwezo wa kulibana zaidi kwa kutumia kemikali za mwili wenyewe zinazofanya kazi kama mofini, ile dawa kali ya maumivu. Neva hizohizo zinaweza pia kulifungua zaidi. Kinachoamua ni pamoja na woga, umakini, uchovu, matarajio, na maana unayoipa hali yako.

Neno "maana" hapo si pambo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwahoji wanajeshi wenye majeraha makubwa na akashangaa kwamba wengi wao hawakutaka dawa ya maumivu. Alieleza kwamba kwa mwanajeshi jeraha lile lilikuwa tiketi ya kutoka vitani akiwa hai. Na kuna kisa cha kinyume chake kilichochapishwa katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1995: fundi ujenzi wa miaka 29 aliruka akatua juu ya msumari wa sentimita 15, ukatokeza juu ya buti. Kila msumari ulipotikiswa alipata maumivu makali mno, hadi akapewa dawa nzito za kumtuliza. Buti lilipovuliwa, msumari ulikuwa umepita katikati ya vidole. Mguu haukuwa hata na mkwaruzo. Nina hakika yule bwana hakuwa akiigiza.

Kwa hiyo kazi tunayoizungumzia hapa ni kumtuliza mlinzi. Kumfokea hakusaidii. Inabidi umwonyeshe, mara mia kama itabidi, kwamba aliyepita alikuwa paka.

Picha yangu ya MRI imeonyesha diski zimechakaa. Huo si ushahidi tosha?

Ni ushahidi kwamba diski zako, ile mito iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, zimechakaa. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za watu wasioumwa mgongo hata kidogo, wakaangalia picha zao: uchakavu wa diski ulionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni mvi za ndani. Wakati mwingine picha inaonyesha chanzo halisi, na daktari anayejua kazi yake ataoanisha picha na anachokiona mwilini mwako. Mimi niliisoma ripoti yangu peke yangu, usiku, neno kwa neno, na kwa mwaka mzima nikawa natembea kama niliyebeba mayai ndani ya mgongo. Nafikiri ripoti ile iliniumiza kuliko zile diski.

Sawa. Nianzie wapi?

Kwenye pumzi, kwa sababu ndiyo sehemu ya mfumo wa tahadhari unayoweza kuishika kwa mkono.

Kaa au lala kwa namna ambayo mwili haujizuii usianguke. Kabla ya pumzi, pitia sehemu nne: taya, mabega, viganja, tumbo. Utashangaa. Miaka yote hii, ninapoketi kufanya zoezi, bado nakuta meno yangu ya juu na ya chini yamegusana na kubanana, na sikuwa najua. Legeza ulichokikuta. Kisha vuta hewa kwa pua huku ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Usivute kwa nguvu kama anayetaka kupiga mbizi; ukihisi kizunguzungu au vidole kuingia ganzi, unavuta hewa nyingi mno, punguza. Kwa hesabu hiyo unapata pumzi kama 6 kwa dakika. Kutoa hewa polepole ndiko kunakoupa moyo nafasi ya kupunguza mwendo.

Dakika 5, mara mbili kwa siku. Na sharti kubwa: fanya siku ambazo hali ni nafuu. Hakuna anayejifunza kuogelea chombo kikiwa kinazama.

Nimevuta pumzi wiki nzima na maumivu yako palepale. Nakosea wapi?

Labda hukosei popote, ila unapima kisichopimika mapema. Kila baada ya pumzi tatu unauliza, "Yameisha?" Hilo swali ndilo tochi ya mlinzi, anazunguka nalo nyumba nzima. Kwa wiki za mwanzo angalia vitu vingine: Je, mabega yameshuka? Ukishtuliwa na mchomo, unachukua muda gani kurudi kwenye ulichokuwa unafanya? Kwangu muda huo ulishuka kabla maumivu yenyewe hayajashuka hata kidogo.

Kukaza na kulegeza misuli ni zoezi gani?

Ni la daktari Edmund Jacobson, aliyelieleza kwa kirefu mwaka 1929. Unakunja ngumi kwa sekunde 5, unaiachia kwa sekunde 15 au 20, na unausikiliza ule mkono unavyozidi kuwa mzito. Kisha mikono, mabega, uso, tumbo, miguu. Sehemu inayouma usiikaze, au ikaze kidogo sana. Linafaa zaidi jioni, na kwa watu ambao kukaa kimya na pumzi peke yake kunawatia wasiwasi.

Kutafakari kwa umakinifu kunanitaka niyaangalie maumivu. Si ndiyo yatazidi?

Ndivyo nilivyodhani. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha, katika chuo cha tiba cha Massachusetts nchini Marekani, mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa ambao hospitali haikuwa na jipya la kuwapa, wengi wao wenye maumivu sugu. Hakuwaahidi kuyaondoa. Aliwafundisha kuyaangalia bila kuongeza neno.

Nitaeleza ilivyo kwa ndani. Umelala chali, unaupitia mwili kuanzia vidole vya mguu kwenda juu, kila mahali pumzi mbili tatu. Unafika panapouma. Kwangu ni juu ya nyonga ya kushoto. Kawaida ningesema "hapa pananiua" na kuruka. Zoezi linataka uliache neno "maumivu" kando na uulize kama mgeni: Ni joto au baridi? Ni kubwa kiasi gani? Lina kingo? Linatulia au linatembea? Siku ya kwanza nilipouliza kwa dhati nilikuta kitu chenye joto, upana wa kiganja, kinachopiga, kinapiga, kisha kinanyamaza kwa muda wa pumzi mbili. Kinanyamaza! Kwa miaka nilikuwa tayari kuapa kwamba linauma mfululizo, bila kituo.

Nilichogundua ni kwamba nilikuwa na vitu viwili nikiviita kimoja. Kulikuwa na ule mpigo wa nyongani, na kulikuwa na hotuba niliyokuwa naitoa juu yake: yataendelea hadi lini, kazi nitaifanyaje, kwa nini mimi. Mpigo ulibaki. Hotuba ndiyo iliyoanza kukatika katikati.

Ukiona kuangalia moja kwa moja ni kuzito, hamisha umakini kwenye sehemu isiyouma, kama viganja, halafu rudi kwa muda mfupi. Kwenda na kurudi huko ni zoezi kamili, na asikwambie mtu kwamba ni kukwepa.

Nifanyeje na mawazo ya "nimekwisha"?

Hapa ndipo tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayoshughulikia mawazo na matendo, inapofanya kazi, na ndiyo iliyochunguzwa zaidi kuliko nyingine zote katika maumivu. Mwaka 1995 Michael Sullivan na wenzake walitunga dodoso la maswali 13 linalopima mambo matatu: kuyawaza maumivu bila kikomo, kuyakuza, na kujiona huna la kufanya. Wanaopata alama za juu kwa kawaida huumia zaidi na hushindwa kufanya mengi zaidi, hata wakiwa na jeraha linalofanana na la jirani.

Mbinu yenyewe ni ya kikarani. Wazo likija, liandike kama lilivyo: "Mgongo wangu umevunjika." Chini yake andika unachokijua kwa hakika: "Mgongo unauma sana tangu asubuhi. Jana niliinama nikafunga viatu." Kisha tafuta sentensi unayoweza kuiamini wewe mwenyewe: "Umekaza. Wiki iliyopita pia ulikaza, ukaachia siku ya tatu."

Angalia, sijaandika "niko mzima kabisa" wala "kila kitu kitakuwa sawa". Maneno matamu usiyoyaamini ni kama sarafu bandia, ubongo unaikataa dirishani. Wanaotuhubiria wenye maumivu kwamba tufikirie mazuri tu hunitia hasira, nakiri. Wazo linalotakiwa ni la kweli, basi.

Chunga pia lugha. "Goti limeoza", "uti umesagika", "neva imekatika": mengi ya maneno haya tumeyaokota kwa watu na si taarifa za kitabibu. Mlinzi anayasikia.

Kwa nini nikipata siku nzuri, siku mbili zinazofuata nalala kitandani?

Kwa sababu siku nzuri uliitumia yote. Karibu kila mtu mwenye maumivu sugu anaujua mzunguko huu: nafuu imekuja, nguo zote zifuliwe, chumba kipangwe upya, madeni ya wiki yalipwe leo. Kesho yake ni kitanda. Ubongo nao unajifunza kwamba kufanya kazi kunaleta adhabu.

Dawa yake inachosha kuieleza na inachosha zaidi kuitii. Chukua shughuli moja, tuseme kufua. Kwa siku tatu, pima unafua dakika ngapi kabla maumivu hayajaanza kupanda. Tuseme 20, 12 na 16. Wastani ni 16. Anza chini ya hapo, kama dakika 13. Weka saa ilie. Ikilia, acha, hata kama unajisikia vizuri na ndoo imebaki na nguo mbili. Hasa ukiwa unajisikia vizuri. Siku mbaya nayo ifanye hizo 13, au nusu yake, lakini usiache kabisa. Baada ya wiki ongeza dakika moja.

Zile nguo mbili zilinishinda miezi mingi. Kuziacha kwenye ndoo, watu wakiona, kulinihitaji nguvu kuliko kuzifua.

Naogopa kusogea, nitajidhuru zaidi.

Muulize daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba swali hili kwa maneno haya: "Kuna chochote ambacho sitakiwi kabisa kukifanya?" Mara nyingi orodha huwa fupi mno. Kisha andika ngazi yako, kuanzia kitendo kinachokutisha kidogo hadi kinachokutisha sana, na uanze na cha chini. Inama nusu. Rudia hadi kichoshe. Kupungua kwa woga hakuji kwa kuelezwa, kunakuja kwa kuinama mara thelathini bila kutokea ulichokitarajia.

Usingizi unahusika?

Sana, na kwa wengi ndio mlango rahisi kuliko maumivu yenyewe. Usiku mbovu huongeza maumivu ya kesho, pengine kuliko maumivu ya leo yanavyoharibu usiku. Amka saa ileile kila siku, hata kama umelala vibaya. Usilale kitandani mchana kutwa, kitanda kitasahau kazi yake. Ukikaa macho muda mrefu ukigaagaa, toka, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi macho yakizama. Kuna tiba ya mazungumzo ya kukosa usingizi inayofuata kanuni hizi. Ukiipata, ichukue kabla ya vidonge vya usingizi.

Na hipnosi?

Ni kuongozwa kwa maneno hadi akili itulie na kupokea mapendekezo. Imefanyiwa utafiti wa kutosha na baadhi ya watu huitikia vizuri sana, wengine hawaitikii kabisa. Tafuta mtaalamu wa afya aliyesomea. Mtu wa jukwaani muache jukwaani.

Kusali kunasaidia?

Mwenye kusali anajua jibu lake. Ninachoweza kusema ni kwamba sala inayokutuliza na kukuinua ufanye zile dakika 13 ni tofauti na kungoja kwa mikono mitupu.

Yote haya si plasebo tu, yaani nafuu ya dawa isiyo na kitu ndani?

Hata plasebo si "tu". Mwaka 1978 Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields walichukua watu waliong'olewa meno, wakaona kwamba nafuu iliyoletwa na matarajio iliweza kuzuiwa kwa naloksoni, dawa ileile inayozuia mofini. Maana yake mwili ulikuwa umetoa dawa yake kutoka ghala lake. Hata hivyo mbinu hizi haziishii kwenye matarajio: kupanga shughuli, kulala na kusogea ni mambo unayoyatenda, uwe unaamini au huamini.

Utafiti unasema zinasaidia kiasi gani? Tuambie ukweli.

Kwa wastani, kiasi kidogo hadi cha kati. Mapitio makubwa ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 75 ya tiba za kisaikolojia kwa maumivu sugu, yakiwa na watu zaidi ya 9,000, na yalikuta tiba ya utambuzi na tabia inapunguza maumivu, ulemavu na msongo kwa kiasi kidogo. Kidogo, lakini kipo.

Nyuma ya wastani kuna watu. Katika jaribio la mwaka 2016 la watu 342 wenye maumivu ya mgongo nchini Marekani, baada ya wiki 26 takribani asilimia 61 ya waliofundishwa umakinifu na asilimia 58 ya waliopata tiba ya utambuzi na tabia waliboreka vya kutosha katika shughuli zao za kila siku, dhidi ya asilimia 44 ya walioendelea na huduma ya kawaida. Jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2021, lilihusu watu 151 wenye maumivu ya mgongo ya kadiri yasiyo na chanzo dhahiri. Kundi moja kati yao lilifundishwa kuyatafsiri upya maumivu kama filimbi isiyo na mwizi. Asilimia 66 ya kundi hilo waliishia bila maumivu au karibu na hapo, dhidi ya 20 ya waliopewa plasebo. Ni namba za kutia moyo, na ni jaribio moja, la watu wa aina moja. Sitamwahidi mtu mwenye neva iliyoharibika kwamba naye atafika huko.

Mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, kwa maumivu sugu yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake, unataja mazoezi na tiba za kisaikolojia miongoni mwa yanayofaa, na unashauri dawa za jamii ya mofini zisianzishwe.

Basi niache dawa?

Usiache dawa yoyote kwa sababu umesoma ukurasa huu. Za jamii ya mofini, za kifafa na za sonona zinazotumika kwa maumivu ya neva hazikatishwi ghafla. Zinapunguzwa hatua kwa hatua na aliyekuandikia. Unaweza kuvuta pumzi na kumeza kidonge chako siku hiyohiyo. Hakuna anayekupa alama.

Watu wa nyumbani wanisaidie vipi?

Wasikuulize "unaumwa vipi?" kila saa, na wasikunyang'anye kila kazi mkononi. Mwanasaikolojia Wilbert Fordyce wa Chuo Kikuu cha Washington alieleza tangu miaka ya 1960 na 1970 kwamba tunachokizawadia nyumbani ndicho kinachokua: mtu akipewa upendo pale tu anapougulia, kuugulia kutaongezeka bila yeye kukusudia. Haina maana mkunyamazie. Ina maana mkae naye pia akiwa anapanda ngazi. Aliyenisaidia kuliko wote ni dada yangu, aliyebadilisha "pole" yake kuwa "twende hadi kona, tukirudi tumerudi."

Niandike kiwango cha maumivu kila siku?

Ukiagizwa na daktari, andika. Vinginevyo andika ulichofanya, si kilichouma. Daftari langu la kwanza lilikuwa na namba za maumivu kwa kila saa ya miezi minne, na faida yake pekee ilikuwa kunifunza kuyatafuta.

Kuna mtu ambaye mazoezi haya yanaweza kumdhuru?

Ndiyo. Aliyepitia ukatili au ajali ya kutisha anaweza kufumba macho, akageukia mwilini, na kukutana na kitu kingine kabisa. Fumbua macho, gusa sakafu kwa nyayo, taja vitu unavyoviona, na tafuta mtaalamu wa kukuongoza. Na mwenye maumivu anayeanza kuwaza kwamba afadhali asingekuwepo aseme leo, kwa mtu au hospitalini. Wazo hilo huwatokea wengi wetu kuliko tunavyokiri.

Lini niache kuvuta pumzi niende hospitali?

Mara moja: kushindwa kuzuia haja au mkojo kukataa kutoka, ganzi kati ya mapaja, mguu au mkono kuishiwa nguvu ghafla, maumivu ya kifua, kichwa kuuma vikali ghafla kuliko wakati wowote. Mapema: maumivu mapya yenye homa, kukonda bila sababu, maumivu baada ya kuanguka vibaya, au maumivu mapya kwa aliyewahi kuugua saratani. Mlinzi mwoga naye anaweza, siku moja, kuwa amemwona mwizi.

Siku maumivu yanapolipuka, nifanye nini?

Usifikiri. Siku hiyo akili ya kufikiri haipo, kwa hiyo uwe umeshafikiri siku nyingine na kuandika. Karatasi yangu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu siku hizo hata kusoma kunaniudhi. Inasema hivi, neno kwa neno:

Angalia orodha ya hatari. Hamna? Basi ni mlipuko. Mrefu kuliko yote ulikuwa siku sita.
Taya. Mabega. Viganja. Tumbo.
Pumzi kumi. Kutoa polepole.
Dawa kama ilivyoandikwa, isizidi.
Maji ya moto kwenye chupa, mgongoni.
Mwambie mtu mmoja. Mmoja tu.
Nusu ya kawaida, si sifuri.
Tembea hadi dirishani. Rudi.